Safu Isiyo na Pengo

Watu wa Ujiji hawasifu ovyo. Wakikusifu ukumbini, mbele ya mwenyekiti wa mtaa, ujue jambo limekuwa kubwa. Mimi walinisifu mwezi wa sita, Jumanne saa nne asubuhi, na mpaka leo nikiyakumbuka yale makofi masikio yananiwaka moto.

Naitwa Abdulatif, mtaani wananiita Latifu. Kwa miaka mitatu nilikuwa mpimaji wa joto la ziwa upande wa Ujiji. Kazi yenyewe haikutaka akili nyingi, ilitaka mwili. Mara mbili kwa wiki unapanda boti ya dagaa, unakwenda na wavuvi mpaka kwenye maji marefu, unateremsha kipimajoto kilichofungwa kwenye waya wenye alama kila mita kumi. Unapima juu, unapima mita hamsini, unapima mita mia. Kila mahali unasubiri dakika tano namba zitulie, kisha unaandika kwenye daftari kwa penseli, maana wino ukilowa unakimbia. Asubuhi unazituma kwenye kundi la WhatsApp.

Kundi hilo lilikuwa na wapimaji wa nchi zote nne zinazolizunguka ziwa: sisi, Burundi, Kongo na Zambia. Kila mmoja aliona namba za wenzake. Aliyelianzisha ni Zuleha, binti wa mtaa wa Buzebazeba, ambaye marehemu baba yake alinishonea sare za shule na kunichukua kama mdogo wake. Zuleha amesoma mpaka shahada ya pili mambo ya maji ya ziwa, na alinieleza shida yake kwa maneno ambayo hata mimi niliyaelewa. Maji ya juu yakizidi kupata joto, hayataki tena kuchanganyika na ya chini. Chakula cha dagaa kiko chini. Yasipochanganyika, dagaa wanakosa chakula, na sisi tunakosa dagaa. Kwa hiyo alitaka kujua joto linapanda kiasi gani, na wapi, na alitaka kila nchi ione.

Mwaka wa kwanza nilikwenda kweli. Nililoa, nilitapika, nilirudi nikinuka dagaa mpaka mke wangu Ummy akaniwekea sheria ya kuvulia nguo uani kabla sijaingia ndani. Sijisifu, nasema tu kwamba nilikwenda, kwa sababu ni mwaka wangu mmoja wa kujitetea.

Mwaka wa pili, katikati ya Ramadhani, malaria ilinilaza wiki nzima. Siku ya kutuma namba ilipofika niliona haya kuandika kwamba naumwa, maana majuma mawili nyuma nilimkejeli kundini mpimaji wa Zambia aliyesema anaumwa. Nikafungua daftari la mwaka wa kwanza, nikatafuta wiki ile ile, nikanakili. Hapa nikaongeza pointi moja, pale nikapunguza mbili, zisije zikaonekana pacha. Nikatuma nikiwa kitandani. Hakuna aliyeshtuka. Zuleha akaniwekea kidole gumba.

Kidole gumba kile ndicho kilichonimaliza. Wiki iliyofuata nilikuwa mzima lakini upepo ulikuwa mbaya, nikanakili tena. Iliyofuata nilikwenda, naapa nilikwenda. Halafu nikafungua duka la vipuri vya pikipiki Mwandiga, na mambo yakajiendea yenyewe. Nikawa nakaa nyuma ya kaunta, mnyororo wa pikipiki mkono mmoja na simu mkono mwingine, nachapa joto la maji ya mita mia nikiwa kwenye vumbi la barabara kuu. Uongo wa namna hiyo hauchoshi. Ulikuwa unanichukua muda mfupi kuliko kumtafutia mteja plagi.

Sasa, kila mtu wa mwaloni, pale boti zinapofikia, anajua kwamba mwezi ukiwa mpevu boti hazitoki. Taa za wavuvi hazifui dafu mbele ya mbalamwezi, dagaa hawakusanyiki, kwa hiyo kwa wiki nzima boti zinalala mchangani, nyavu zinashonwa, mashine zinafunguliwa na kupakwa mafuta. Mwaka wa kwanza daftari langu lilikuwa na mapengo wiki hizo, sawa na la kila mpimaji. Lakini mtu anayepimia dukani hana habari na mwezi. Nikawa najaza wiki zote. Zuleha aliponiuliza nawezaje, nilimjibu bila kupepesa kwamba Mama Kuruthumu, mwenye boti, ananitolea boti yake ndogo na kijana mmoja kwa ajili ya elimu. Nilimtaja Mama Kuruthumu kwa sababu ni mwanamke ambaye jina lake halipingwi.

Kulikuwa na mmoja tu kundini aliyenisumbua, mzee Alphonce wa Rumonge, Burundi. Alikuwa mvuvi tangu ujana, hana elimu ya kutosha, na alituma ujumbe wa sauti kwa sababu maandishi yalimchosha. Namba zake zilikuwa juu kuliko zangu, na kila mwezi zilizidi kuachana. Alikuwa ananiita fundi. Ananipigia pembeni na kuniuliza, fundi wa Ujiji, wewe mita hamsini umepata ngapi? Namjibu. Anasema basi chake kitakuwa na tatizo. Mara moja aliniuliza mimi nasafisha kipimajoto kwa kitu gani. Nikamwambia maji ya uvuguvugu na kitambaa laini. Kipimajoto changu wakati huo kilikuwa juu ya kabati na mende walikuwa wameshaanza kukizoea.

Nimesema hayo yote ili mtu aelewe nilikuwa nimekaa wapi Jumanne ile. Nilikuwa nimekaa mstari wa mbele.

Zuleha aliwaita watu wa mwaloni awaonyeshe matokeo kabla ripoti haijakwenda. Ijumaa ilikuwa iende kwa nchi zote nne. Aliangaza ukutani michoro miwili, mstari mwekundu wa Ujiji na wa buluu wa Rumonge. Wa Rumonge ulikuwa unapanda kama mtu anayepanda ngazi, wenye mapengo kila mwezi. Wetu ulikuwa umenyooka, na kwa miaka miwili haukuwa na pengo hata moja.

Akaeleza kwa upole, maana hana maneno makali. Alisema Rumonge kifaa kilikuwa na hitilafu. Mwezi wa kwanza alimwomba mpimaji wa huko akikague na kukisafisha vizuri, na tangu hapo namba za Rumonge zimekaa sawa na za Ujiji, ndipo ikathibitika kwamba zile za zamani zilikuwa mbovu. Kwa hiyo namba za Rumonge za kabla ya hapo ataziacha nje ya ripoti, na atategemea za Ujiji. Kwa namba za Ujiji, alisema, maji ya upande wetu hayajapanda joto. Kama dagaa wamepungua, itabidi tutazame nyavu zetu wenyewe.

Wavuvi wakaguna. Dismasi, nahodha wa Mama Kuruthumu, alikuwa amekaa nyuma yangu, nikamsikia akimnong'oneza mwenzake kwamba maji anayooga yeye yamekuwa kama ya chai, lakini basi, wasomi wamesema. Mimi nilitazama viatu vyangu. Mpaka hapo nilikuwa bado najiambia kwamba namba zangu haziumizi mtu.

Kisha Zuleha akanisimamisha. Akasema mpimaji aliyekuwa na bidii kuliko wote katika ziwa zima ni baba mdogo Latifu, mwaka wa kwanza alikuwa na mapengo kama wengine lakini alijirekebisha. Makofi. Akasema hilo lisingewezekana bila mama mmoja ambaye wiki za mbalamwezi, boti zote zikiwa zimepumzika, amekuwa akitoa boti yake kwa ajili ya sayansi. Akamwomba Mama Kuruthumu asimame apokee shukrani.

Mama Kuruthumu ana miaka sabini na kitu. Alisimama taratibu, mkono mmoja kwenye bega la jirani. Watu wa mwaloni walikuwa wameshaacha kupiga makofi. Waliobaki wakipiga ni mwenyekiti na watu wa mjini. Nyuma yangu Dismasi alicheka kwa pua, mara moja, akajizuia. Kila aliyevua samaki katika ukumbi ule alijua boti ya Mama Kuruthumu haijawahi kugusa maji wiki ya mbalamwezi. Mama alimtazama Zuleha, akanitazama mimi. Hakunitazama kwa hasira. Alinitazama kama mtu anayesoma maandishi madogo.

"Ahsante, mwanangu," alimwambia Zuleha, akaketi.

Basi. Alinisitiri. Kama angenitukana ningeweza kubisha, ninajua kubisha, hata Mwandiga wananijua kwa hilo. Lakini alinisitiri, na nilijiona mchafu kuliko siku yoyote niliyorudi nikinuka dagaa.

Nilitoka kwa mlango wa pembeni. Dismasi alinikuta njiani, akaniambia mama ananiita kwenye vichanja vyake vya kuanikia dagaa. Nilimkuta ameinama, anageuza dagaa kwa kiganja, hakusimama. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba bila kuinua kichwa. Nilianza kueleza. Nilisema malaria, nikasema upepo, nikasema duka. Aliniacha nimalize yote kisha akaniuliza kama nimekula. Nikasema sijala. Akasema sawa.

"Leo nimepigiwa makofi kwa jambo ambalo sikulifanya," alisema. "Umri huu wote sijapata kuchukua kisicho changu. Leo umenipa kisicho changu mbele ya watu, na nimekipokea kwa ajili ya marehemu mama yako. Kakirudishe."

Nikamwomba anipe mpaka wiki ijayo, ripoti ikishakwenda nitalisahihisha taratibu. Hapo ndipo aliponyoosha mgongo.

"Kesho asubuhi uwe umemwambia yule binti. Ukishindwa nitamwambia mimi, na mimi sijui kusema taratibu."

Nikarudi nyumbani. Ummy alikuwa ameshapata habari za ukumbini kutoka kwa jirani, amechinja jogoo. Alikuwa na furaha ambayo sijaiona tangu tulipozaa mtoto wa mwisho. Aliniambia siku zote alijua ile kazi ina heshima, ndiyo maana hakulalamika kwa harufu. Nilikula yule jogoo. Kila nikimaliza kipande Ummy aliniongezea kingine. Sikumwambia ukweli. Nikajiambia nitamwambia baada ya Zuleha, na huo ulikuwa woga, sina jina jingine la kuuita.

Nilikuwa na visingizio vitatu nimeviandaa kufikia alfajiri. Cha kwanza kwamba tarehe zilichanganyika. Cha pili kwamba simu iliibiwa nikaandika kwa kukumbuka. Cha tatu sikitaji, maana kinamhusu Dismasi, na hata leo nashangaa kwamba kiliwahi kupita kichwani mwangu.

Zuleha alikuwa amepanga chumba cha ofisi mtaa wa Rusimbi, juu ya duka la nguo. Nilifika saa mbili. Aliruka kunisalimia, akanivutia kiti, akaniambia yuko ukurasa wa mwisho. Nilikuwa nimebeba mfuko wa rambo wenye madaftari yangu matatu. Visingizio vyote vilipotea mdomoni. Nikamwekea mfuko mezani, nikamwambia afungue.

Hakuwahi kuyaona madaftari yale. Kwa nini ayatake, wakati namba zilifika kwenye simu kila wiki bila kuchelewa? Alifungua la kwanza. Lilikuwa limevimba kwa maji, kurasa zimejikunja, kuna magamba ya samaki yamekaukia pembeni, penseli imefifia mahali. Akatabasamu, akasema hili angependa kulipiga picha liingie kwenye ripoti. Akafungua la pili. Mwanzo lilikuwa hivyohivyo, kisha kurasa zikaanza kunyooka. Palikuwa na ukurasa mbaya mmoja kati ya safi tano, kisha mmoja kati ya kumi. Akaacha kutabasamu. La tatu alilifungua polepole. Lilikuwa safi kabisa, jeupe, limeandikwa kwa kalamu ya wino. Ukurasa mmoja ulikuwa na duara la kikombe, na mwingine nilikuwa nimeandika pembeni bei ya breki za Boxer.

"Baba mdogo," alisema.

Nikamwambia. Sikuweka malaria mbele wala duka. Nilisema sikwenda. Nilisema nilikuwa nanakili mwaka wa kwanza, ndiyo maana joto halipandi. Nilisema Mama Kuruthumu hajawahi kunipa boti. Nilizungumza nikitazama meza, na niliponyamaza nilisikia cherehani ikifanya kazi chini, inakwenda na kusimama, inakwenda na kusimama.

Nilitegemea alie, au anifukuze. Angenifukuza ningeshukuru. Badala yake alichukua kalamu akaanza kuuliza kama daktari. Hili la pili, kurasa zilizokunjika ni za kweli? Nikasema ni za kweli. Zote? Nikasema nadhani. Akaniuliza nadhani maana yake nini. Nikamwambia siku nyingine nilikwenda, nikapima juu tu, mita mia nikajaza mwenyewe kwa sababu waya ulikuwa mzito. Sikuweza kumwonyesha ni siku zipi. Nilizigeuza kurasa mbele nyuma, nikatafuta, mkono wangu ni ule ule, penseli ni ile ile. Akaningojea. Mwisho akalifunga daftari la pili yeye mwenyewe, akaliweka juu ya la tatu. La kwanza akalisogeza upande wake.

Kisha akageukia kompyuta, akafuta mstari mwekundu. Alibakiza mwaka mmoja, kipande kifupi pembeni kushoto. Kazi yake ya miaka mitatu ilikuwa imeegemea hapo. Nilitaka kusema pole, nikaona neno lenyewe halitoshi hata kuanzia. Nikalisema hata hivyo. Akaitikia kwa kichwa, kama unavyomwitikia mtu aliyekukanyaga sokoni.

"Bado tuna Rumonge," alisema, zaidi kwa nafsi yake. "Kwa hiyo kifaa chake kilikuwa kizima. Yule mzee alikuwa sahihi muda wote, na mimi ndiye niliyemwambia ni kibovu." Akachukua simu. "Nitampigia. Na wewe utazungumza naye."

Akaiweka simu mezani, sauti wazi. Mzee Alphonce alipokea upesi, akatusalimu kwa Kirundi, mwaramutse, akauliza habari za Ujiji, za wazee, za mvua. Zuleha alimjibu moja moja, kisha akamwambia fundi Latifu yupo hapa na ana neno. Mzee akafurahi. Nilisikia anamwambia mtu wa kwake kwamba ni fundi wa Ujiji.

Nikamwambia, "Mzee Alphonce, kipimajoto chako hakikuwa kibovu hata siku moja. Mimi sikuwa ziwani. Zile namba nilizitunga."

Zuleha akaangalia kama simu imekatika. Haikukatika. Kulikuwa na sauti za watoto kwa mbali na chuma kikigongwa.

Mzee akauliza, "Kwa muda gani?"

"Miaka miwili."

"Kumbe." Sauti yake haikuwa na hasira, ilikuwa na haraka, kama mtu aliyekumbuka kitu jikoni. "Mwezi wa tatu mwaka huu, kulikuwa na joto juu, ishirini na nane na pointi. Sijaliona tangu nizaliwe. Lile lilikuwa la kweli?"

Zuleha alikuwa ameshafungua namba za Rumonge za mwezi wa tatu. Nilimwona akizitafuta kwa kidole, kisha kidole kikasimama. Hapakuwa na ishirini na nane popote. Kulikuwa na ishirini na sita na pointi tano, sawasawa na yangu niliyoituma wiki ile kutoka Mwandiga.

"Mzee," Zuleha alisema, "hiyo ishirini na nane hukunitumia."

"Sikutuma, binti yangu. Uliponiambia mwezi wa kwanza nikisafishe, nilikisafisha kama fundi alivyonielekeza, maji ya uvuguvugu na kitambaa. Ikawa vilevile. Nikaona nitawaharibia watu kazi kwa kifaa changu kibovu. Basi nikawa nasubiri kwanza fundi atume za Ujiji, ndipo nasahihisha zangu."

Zuleha alimuuliza kama zile za mwanzo bado zimo kwenye daftari. Aliuliza polepole sana. Mzee akasema aliandika kwa penseli kama tulivyofundishwa, na kila aliposahihisha alifuta kwa raba vizuri, pasibaki uchafu. Akasema tangu mwezi wa kwanza amekwenda ziwani kila wiki ya giza, ile isiyo na mbalamwezi, hakukosa hata moja.

Nilikuwa nimeshika ukingo wa meza. Miezi ile mitano ilikuwa ya joto kuliko yote, na katika ziwa zima mtu mmoja alikuwa ameiona kwa macho yake na kuiandika, na mimi ndiye niliyeifuta kwa mkono wake.

"Nisamehe, fundi," mzee Alphonce aliniambia. "Nilidhani mbovu ni mimi."

 Zuleha ndiye aliyemuaga mzee na kukata simu.